SHATI JEUPE NA NEMBO: UKOO WA VIRUSI VYA HERPESI

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa Mpanda. Soma kama vile ulikuwa umekaa nasi.)

Vuta kiti. Leo nazungumzia ukoo mmoja wa virusi, na namna kufanana kwao kunavyoweza kutusaidia au kutuvunjia uchumba.

Umesikia vizuri: kutuvunjia uchumba. Hebu tuanze na mfano.

Tuseme wewe ni dereva wa bodaboda, kijiwe chako kiko karibu na stesheni ya reli. Una mchumba na posa imeshapelekwa. Mmekubaliana kupima afya kabla ya ndoa, jambo zuri sana. VVU hamna. Kaswende hamna. Lakini mwenzako alilipia na kipimo kingine katika maabara ya binafsi, na karatasi yake imeandikwa: HSV IgG, chanya. Unauliza kijiweni hiyo HSV ni kitu gani. Washikaji wanakujibu bila hata kufikiri: "Hiyo herpesi bwana, ugonjwa wa zinaa. Huyo ameshatembea na watu!" Kasheshe imeanza. Mwenzako analia, anaapa. Shangazi yako anadai mahari irudi.

Je, ile karatasi imesema nini hasa? Shika swali hilo mkononi. Kabla ya kulijibu inabidi tuujue ukoo wenyewe.

UKOO WENYEWE NI UPI?

Virusi vya herpesi ni vingi duniani. Ng'ombe wana vyao, kuku wana vyao, nyani wana vyao. Vinavyomhusu binadamu ni vinane, au tisa ukihesabu vile pacha viwili vya namba sita kila kimoja peke yake. Baadhi unavijua, ila hukujua kwamba ni ndugu.

Cha kwanza ni HSV-1. Hiki ndicho huleta vile vipele vya homa mdomoni. Wengi wetu tulikipata utotoni, kwa kubusiwa na mama, bibi au shangazi. Cha pili ni HSV-2, ambacho huleta malengelenge sehemu za siri na huambukizwa kwa kujamiiana. Cha tatu huleta tetekuwanga kwa mtoto, halafu miaka mingi baadaye kinaweza kuamka na kuleta mkanda wa jeshi. Cha nne kinaitwa Epstein-Barr. Hicho kina historia yake hapa Afrika Mashariki: daktari Denis Burkitt, aliyekuwa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya kwa watoto, na mwaka 1964 wanasayansi Epstein, Achong na Barr wakakiona kirusi hicho katika chembe za uvimbe huo. Kingine, cha namba nane, ndicho kinachosababisha saratani ya ngozi iitwayo Kaposi. Hicho kiligunduliwa mwaka 1994.

Ukoo huu wote una tabia moja: ukishaingia mwilini hautoki. Unajificha. HSV-1, HSV-2 na kirusi cha tetekuwanga hujificha kwenye mishipa ya fahamu, vikatulia tuli kama nyoka shimoni. Siku mwili ukichoka, vinaweza kutoka tena.

SHATI JEUPE NA NEMBO

Sasa tuingie kwenye kiini cha mada. Usiogope, hii sayansi si ngumu.

Kirusi kimevaa koti. Juu ya koti hilo kuna protini zimechomoza kama miiba, na kirusi huzitumia kushika chembe ya mwili wako na kuingia ndani. Kinga ya mwili ikiiona protini hiyo, inatambua kwamba huyu ni mgeni. Sehemu ya mgeni ambayo kinga huitambua huitwa antijeni. Baada ya kuitambua, mwili hutengeneza kingamwili za kuishika. Kingamwili hizo hubaki kwenye damu kama kumbukumbu. Kwa hiyo ukipimwa damu kwa IgG, maabara haikutafuti kirusi. Inatafuta kumbukumbu ya mwili wako juu ya kirusi.

Fikiria wanafunzi wa sekondari mbili hapa mjini. Wote wamevaa shati jeupe. Ukiwaona kwa mbali wanavuka barabara huwezi kusema huyu ni wa shule gani. Inabidi usogee uangalie nembo mfukoni.

Virusi vya herpesi ni hivyo hivyo. Kuna protini ambazo ni shati jeupe la ukoo mzima. Wataalamu wanaziita gB, gH na gL, nazo zipo kwa herpesi zote za binadamu kwa sababu bila hizo kirusi hakiwezi kuingia kwenye chembe. HSV-1 na HSV-2 wamefanana zaidi, maana hao ni ndugu wa tumbo moja. Protini gB ya mmoja inafanana na ya mwenzake kwa zaidi ya asilimia 80. Wana pia protini gD, ambayo nayo inafanana sana. Kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya gB ya HSV-1 inaweza kabisa kuishika gB ya HSV-2. Hata kirusi cha tetekuwanga, ambacho ni binamu yao, gB yake inafanana kiasi kwamba mtu anapougua tetekuwanga au mkanda wa jeshi, kingamwili zake dhidi ya HSV wakati mwingine hupanda.

Na nembo je? Nembo ni protini gG. Ya HSV-2 ni kubwa, na ya HSV-1 imepungukiwa kipande kirefu. Hapo ndipo mahali pazuri pa kuwatofautisha hawa ndugu wawili.

UNDUGU HUU ULIANZIA WAPI?

Sisi wa Katavi tuna majirani ambao wanaweza kutusaidia kulijibu hili. Sokwe wapo Mahale, wapo Gombe, na wapo hata katika misitu ya Ntakata, wilaya yetu ya Tanganyika. Sokwe nao wana kirusi chao cha herpesi. Wanasayansi waliposoma chembe zake za urithi walikuta kwamba kinafanana na HSV-2 yetu kuliko HSV-2 inavyofanana na HSV-1. Ajabu, siyo?

Maelezo yao, yaliyochapishwa mwaka 2014, ni haya: HSV-1 tulikuwa nacho tangu wazee wetu wa kale walipoachana na wazee wa sokwe, yapata miaka milioni 6 iliyopita. HSV-2 kiliruka kutoka kwa wazee wa sokwe kuja kwa wazee wetu baadaye, yapata miaka milioni 1.6 iliyopita. Mwaka 2017 wataalamu wengine walipendekeza kwamba aliyekuwa daraja ni yule kiumbe wa kale ambaye fuvu lake liligunduliwa na Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959. Wengi tulilisoma shuleni kwa jina la Zinjanthropus. Basi, hii ni historia ya mamilioni ya miaka, na inatuonyesha kwamba kirusi hiki hakikuletwa na msichana fulani wa mtaa fulani.

KUFANANA KUNAPOTUSAIDIA

Waulize wafugaji wa kuku wa mayai. Kifaranga wa kisasa huchanjwa ugonjwa wa Marek siku ileile anapoanguliwa. Ugonjwa huo unaletwa na herpesi ya kuku, humpoozesha kuku na kumtia uvimbe. Chanjo yake ya zamani, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1970, imetengenezwa kwa herpesi ya bata mzinga! Kirusi cha bata mzinga hakimdhuru kuku, lakini antijeni zake zinafanana na za kile kibaya. Kinga ya kuku inajifunza kwa jirani mpole, halafu anapokuja yule mkorofi inamjua. Chanjo hiyo haizuii kirusi kuingia, ila inazuia kuku asiugue.

Kwa binadamu pia kuna faida kidogo. Mtu aliyepata HSV-1 utotoni, akija kuambukizwa HSV-2 ukubwani, mara nyingi shambulio la kwanza huwa jepesi zaidi. Lakini sikiliza vizuri: kuwa na HSV-1 hakukukingi usipate HSV-2. Shati jeupe halitoshi kuwa kinga kamili.

Kuna jaribio la chanjo lililofanyika Marekani na Kanada kwa wanawake 8,323, matokeo yakatolewa mwaka 2012. Chanjo ilitengenezwa kwa protini gD ya HSV-2. Ikashindwa kuzuia HSV-2, lakini ikapunguza kwa asilimia 58 ugonjwa wa sehemu za siri unaoletwa na HSV-1! Walimlenga huyu, wakampata ndugu yake. Mpaka leo hakuna chanjo iliyoidhinishwa dhidi ya HSV-1 au HSV-2. Ukiuziwa "chanjo ya herpesi" mtaani, umeibiwa.

Kufanana kunaonekana hata kwenye dawa. Asiklovia inatibu malengelenge ya HSV-1 na HSV-2, na inatibu mkanda wa jeshi pia, kwa sababu virusi hivyo vina kimeng'enya cha jamii moja ambacho huiwasha dawa hiyo. Lakini mkanda wa jeshi unahitaji dozi kubwa kuliko malengelenge. Kwa hiyo usichukue vidonge vilivyobaki vya rafiki yako ukasema "si dawa ni ileile". Nenda ukaandikiwe dozi yako. Na ujue kwamba dawa inatuliza na kufupisha shambulio, haikifukuzi kirusi mwilini.

KUFANANA KUNAPOTUCHANGANYA

Sasa turudi kwenye ile karatasi ya mchumba wako: "HSV IgG, chanya."

Swali la kwanza la kumwuliza mtu wa maabara: ni HSV ya ngapi? Kama kipimo kimetumia kirusi kizima, yaani kimeangalia shati jeupe, basi hakiwezi kusema ni HSV-1 au HSV-2. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu bilioni 3.8 wenye umri chini ya miaka 50 walikuwa na HSV-1, sawa na asilimia 64. Waliokuwa na HSV-2, kati ya umri wa miaka 15 na 49, walikuwa milioni 520, sawa na asilimia 13. Maana yake, karatasi isiyotaja aina inaweza kuwa inakuambia tu kwamba mwenzako alibusiwa na bibi yake akiwa mtoto. Na wewe bwana bodaboda ukipimwa, kuna uwezekano mkubwa upate jibu hilohilo!

Swali la pili: kama imeandikwa HSV-2, kipimo kilikuwa cha protini gG? Hicho ni bora. Lakini hata hicho si msahafu. Miaka ya 2000 watafiti waliokuwa Rakai, Uganda, walikuta kwamba vipimo vya gG vilivyofanya vizuri Marekani na Ulaya vilitoa majibu mengi ya uongo kwa Waganda. Vilisema "unacho" kwa watu ambao kipimo cha uhakika zaidi kilisema hawana. Shida ilikuwa kubwa kwa majibu ya chini, yale yaliyovuka mstari kidogo tu. Wakashauri mstari upandishwe. Mwongozo wa kituo cha magonjwa cha Marekani, CDC, wa mwaka 2021 nao unasema kwamba kwa kipimo cha aina hiyo, jibu la kati ya 1.1 na 3.0 lithibitishwe kwa kipimo cha pili cha aina nyingine. Kwa hiyo omba uonyeshwe namba, usikubali neno "chanya" peke yake.

Swali la tatu: ni IgG au IgM? Kuna wanaouza kipimo cha IgM wakisema kinaonyesha maambukizi mapya, yaani "umekipata juzi". Si kweli. IgM ya HSV haitofautishi aina vizuri, na inaweza kuonekana hata kirusi cha zamani kinapoamka. Usimhukumu mtu kwa IgM.

Na hata jibu likiwa sahihi kabisa, kwamba ni HSV-2, damu haisemi kilipatikana lini wala kwa nani. Mtu anaweza kukaa nacho miaka bila dalili yoyote. Karatasi haiwezi kukuambia kama mwenzako ni mwaminifu leo.

Ndiyo sababu wataalamu wa Marekani wanaoshauri juu ya upimaji walisema mwaka 2016, wakarudia mwaka 2023, kwamba mtu asiye na dalili asipimwe herpesi kwa damu kama desturi. Kipimo kizuri ni kile cha kuchukua majimaji ya lengelenge au kidonda kibichi na kutafuta kirusi chenyewe, mahali kinapopatikana. Kwetu hapa vituo vingi hutibu magonjwa ya ngono kwa kufuata dalili, na hiyo si vibaya. Ukiwa na kidonda, nenda mapema kabla hakijakauka.

MKANDA WA JESHI SI HUKUMU

Mtaani mtu akitokwa na mkanda wa jeshi, watu wanaanza kunong'ona: "Huyo ana ngoma." Tuwe waangalifu. Mkanda wa jeshi ni kirusi cha tetekuwanga kilichoamka. Mzee anaweza kuupata, mtu aliyechoka anaweza kuupata. Ni kweli kwamba kwa mtu mwenye VVU unatokea mara nyingi zaidi, hasa akiwa kijana. Kwa hiyo ukiupata, kapime VVU, ni busara. Lakini mkanda wenyewe si kipimo cha VVU, na si ugonjwa wa ngono.

LAKINI TUSIDHARAU HSV-2

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba herpesi ni mchezo. HSV-2 huongeza uwezekano wa kupata VVU karibu mara tatu, kwa sababu vidonda, hata vidogo visivyoonekana, ni mlango wazi.

Wataalamu waliwahi kujiuliza: tukimpa mtu asiklovia kila siku, mlango huo utafungwa? Wakajaribu hapahapa kwetu, kaskazini magharibi mwa Tanzania, kwa kushirikiana na wanawake 821 waliokuwa wakihudumu kwenye baa, migahawa na nyumba za wageni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: dawa haikupunguza maambukizi ya VVU. Kwa hiyo kumeza asiklovia siyo kinga ya UKIMWI. Kondomu ndiyo kinga, pamoja na uaminifu, kupima, na siku hizi dawa za kukinga VVU kwa wanaozihitaji.

Na akina dada: utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha kwamba hapa Katavi asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Ulikuwa mkoa wa kwanza nchini. Maana yake tunajamiiana bila kinga, tusidanganyane. Mama akipata herpesi ya sehemu za siri kwa mara ya kwanza mimba ikiwa kubwa, mtoto anaweza kuambukizwa wakati wa kuzaliwa. Hutokea mara chache, lakini ni hatari sana kwa kichanga. Ukiwa mjamzito na una malengelenge au maumivu huko chini, mwambie nesi kliniki. Usione haya. Kaka, na wewe ukiwa na kidonda, usimguse mama mtarajiwa.

KWA HIYO UFANYE NINI?

1. Ukiwa na malengelenge au kidonda, acha kujamiiana mpaka kipone kabisa, uende kituo cha afya.
2. Tumia kondomu kila mara. Inapunguza hatari ya HSV-2 japo haiimalizi yote, maana kirusi kinaweza kuwa kwenye ngozi isiyofunikwa.
3. Ukiwa na vipele vya homa mdomoni, usimbusu mtoto mchanga, wala usifanye ngono ya mdomo.
4. Kabla ya ndoa, pimeni VVU na kaswende. Fedha ya kipimo cha herpesi bila dalili, nunueni godoro.
5. Ukipewa karatasi, uliza: aina ya ngapi, protini gani, namba ngapi.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

"Mimi niliugua tetekuwanga. Je, nina kinga ya herpesi nyingine?"
Hapana. Undugu wa protini upo, ila kinga yake haitoshi. Jilinde kama wengine.

"Nikikutwa na HSV-2 kweli, nitaoa?"
Utaoa, utazaa, utaishi. Mwambie mwenzako ukweli kabla, muende wote kwa mhudumu wa afya. Mashambulizi kwa kawaida hupungua kadiri miaka inavyokwenda.

"Sasa yule mchumba wa kwenye mfano, arudishwe kwao?"
Hapa ukumbi mzima ulicheka. Jibu langu ni hili: kabla hujamrudisha mtu kwao, rudisha kwanza karatasi maabara ukaulize. Kama waliangalia shati jeupe tu, hawajui hata wao amesoma shule gani.

Na wewe msomaji, gazeti hili ukimaliza usilifungie sandukuni. Mpe jirani naye asome.